Boti ya futi 28 nyuma ya pikapu: leseni yangu inatosha?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeelewana na mtu aniuzie boti ya futi 28 yenye chumba cha kulala chini ya sitaha na mashine mbili za nje. Upana wake ni mita 2.75, na inakuja na tela lake la ekseli tatu. Karatasi ya kiwanda inasema boti ina kilo 2,400. Kitabu cha pikapu yangu kinasema inavuta hadi kilo 3,500, na leseni yangu ni ya kawaida, ya gari dogo. Mpaka majini ni kama kilomita 300. Naruhusiwa kuivuta mwenyewe? Na kama kuna leseni nyingine au kibali kinachohitajika, ni kipi?

Jibu: Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla hujalipa. Jibu fupi ni hapana: boti hiyo usiivute kwa pikapu hiyo. Leseni inaweza kupandishwa daraja, na upana nao una njia yake. Kinachokukwamisha ni uzito, na uzito wenyewe si ule wa kwenye karatasi uliyoonyeshwa.

Tuanze hapo, maana ndipo wengi wanapoteleza. Kilo 2,400 za kiwanda karibu kila mara ni za boti kavu: haina mafuta, haina maji, na kwa boti za mashine za nje mara nyingi hata mashine zenyewe hazimo. Kaa na kalamu. Mashine zinazofaa boti ya ukubwa huo zina kama kilo 220 kila moja, kwa hiyo mbili ni 440. Lita moja ya petroli ina takriban kilo 0.74, basi tangi la lita 400 likijaa linakaribia kilo 300. Maji ya matumizi lita 80 ni kilo 80. Betri tatu, 75. Nanga pamoja na mita 40 za mnyororo wa milimita 8, ambao una karibu kilo moja na nusu kwa mita, weka 70. Kisha yanakuja magodoro, jaketi za kuokolea, kamba, vyombo vya jikoni, sanduku la spana, na vyote ambavyo mwenye boti amevisahau chini ya vitanda: weka 150, na hapo nimehesabu kwa huruma. Tumefika kilo 3,500 na tela bado hatujaligusa. Tela la ekseli tatu la kubeba boti kama hiyo huwa na kilo 800 au 900 lenyewe. Jumla inasogelea kilo 4,400. Ukinyonya mafuta yote na kumwaga maji yote utapunguza kama 380, na bado utabaki na elfu nne na ushei.

Niliwahi kusimama kwenye mizani ya malori na bwana mmoja aliyekuja na karatasi kama yako mkononi. Karatasi ilisema 2,100. Tulipandisha tela peke yake, gari likabaki nje ya sahani ya mizani, na namba zikapanda hadi zikatulia kwenye 3,460. Alishuka, akalizunguka tela akiyatazama matairi yalivyobonyea chini, kisha akaniuliza kama mizani ile ni nzima. Ilikuwa nzima. Tulipofungua vifuniko vya sakafu tukakuta maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya tumbo la boti, ambayo hayajakumbwa msimu mzima, meusi, yamefika kiwiko cha mkono. Alikuwa amevuta boti ile miaka miwili akiamini yuko chini ya kiwango. Tangu siku hiyo simshauri mtu yeyote kabla hajaniletea risiti ya mizani.

Sasa pikapu. Kitabu kinaposema inavuta 3,500, kinazungumzia tela lenye breki, na mara nyingi kina namba nyingine kurasa chache mbele ambayo watu hawaisomi: uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Chukua pikapu ambayo ikijaa inaruhusiwa kilo 3,200, na uzito wa pamoja unaoruhusiwa ni 6,000. Ukiweka watu wanne na mizigo nyuma hadi ikafika 3,200, kinachobaki kwa ajili ya tela ni 2,800. Zile 3,500 za kwenye tangazo huzipati tena. Ongeza na mzigo ambao tela linauegemeza kwenye tufe la kuvutia, kile kichwa cha chuma nyuma ya gari kinachoshikwa na tela: huo unahesabiwa kama mzigo wa gari, kana kwamba umeupakia nyuma ya pikapu. Kwa tela la tani tatu na nusu unaweza kuwa zaidi ya kilo 200, yaani watu watatu wamekaa juu ya bampa la nyuma.

Tukija kwenye leseni, shika jambo moja kabla ya mengine yote. Mizani inakuambia kama uko salama. Leseni, katika nchi nyingi, haiangalii mizani. Inaangalia kibao cha chuma kilichopigwa kwenye chasi ya tela, penye uzito wa juu ambao kiwanda kimeuruhusu. Tela lenye kibao cha 3,500 linahesabiwa 3,500 hata likiwa tupu, na lenye kibao cha 5,000 linahesabiwa 5,000 hata ukilivuta bila boti kwenda kubadilisha matairi. Wengi wameshikwa kwa kosa hili wakiwa wanarudi na tela tupu. Na tela la ekseli tatu, kama lile unalotaka kununua, mara nyingi kibao chake kiko juu ya 3,500.

Hukuniambia uko nchi gani, basi nitakueleza mipaka inavyopangwa sehemu kubwa tatu, nawe uone ya kwenu inafanana na ipi.

Katika Umoja wa Ulaya, leseni ya daraja B, ile ya gari dogo, inakuruhusu tela la hadi kilo 750, au zito zaidi ya hapo mradi gari na tela kwa pamoja visizidi 3,500. Ukiongezewa alama ya 96, jumla inapanda hadi 4,250. Daraja BE linakupa tela la hadi 3,500. Tela likizidi hapo, hata kwa kilo moja kwenye kibao, umetoka kwenye leseni za magari madogo na kuingia za malori: C1E, ambayo inaruhusu gari na tela kwa pamoja hadi kilo 12,000, na juu ya hiyo ni CE. Kwa boti yako, Ulaya wangekutaka uwe na C1E, na hiyo ina vipimo vya afya na mtihani wake.

Uingereza walikuwa na utaratibu wa namna hiyo pia. Aliyefaulu mtihani wa gari dogo kuanzia 1 Januari 1997 alilazimika kufanya mtihani wa pili ili avute tela zito. Tangu 16 Desemba 2021, England, Scotland na Wales, mwenye leseni ya gari dogo anaruhusiwa tela la hadi 3,500 bila mtihani huo. Mimi binafsi sikufurahi. Mtihani ule ulimlazimisha mtu arudi nyuma na tela kwenye kona, alifungue na kulifunga tena mbele ya mkaguzi. Sasa kuna watu wanaojifunza hayo wakiwa tayari kwenye mteremko wa kushushia boti, watoto wamo ndani ya gari na foleni iko nyuma yao. Kama kwenu hakuna mtihani, tafuta mwalimu wa kuvuta tela umlipe siku moja. Hata huko Uingereza, hata hivyo, tela la juu ya 3,500 bado linakurudisha kwenye C1E.

Marekani namba ni nyingine kabisa. Leseni ya kibiashara ya daraja A inahitajika pale uzito ulioidhinishwa wa gari na tela kwa pamoja unapofika pauni 26,001, yaani kilo 11,794, na tela lenyewe likiwa zaidi ya pauni 10,000, yaani kilo 4,536. Chini ya hapo leseni ya kawaida kwa kawaida inatosha, mradi gari lina nguvu hiyo. Lakini leseni ni mambo ya majimbo, na baadhi yao, California ikiwemo, humtaka hata mtu binafsi awe na daraja A lisilo la kibiashara endapo tela la boti limezidi pauni 10,000. Kwa hiyo boti ileile, tela lilelile la kilo 4,400, ng'ambo moja ya bahari unalivuta na leseni uliyonayo mfukoni, ng'ambo ya pili unahesabiwa dereva wa lori. Ndiyo maana usichukue ushauri wa mtu anayevuta boti nchi nyingine, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini.

Nchi yako ikiwa si mojawapo ya hizo, nenda kwenye ofisi inayotoa leseni na maswali mawili tu: kwa daraja langu, kikomo ni cha tela peke yake au cha gari na tela kwa pamoja? Na mnahesabu uzito wa kwenye kibao au uzito halisi? Omba jibu kwa maandishi. Siku ya ajali, kampuni ya bima itakuuliza hayohayo, na ukiwa umevuta nje ya daraja lako inaweza kukataa kukulipa gharama zote. Ukianza kuwavutia watu boti zao kwa malipo, hapo unaingia kwenye sheria za usafirishaji wa biashara na haya ya juu peke yake hayatoshi.

Upana wako wa mita 2.75 una habari yake. Boti nyingi kubwa za kuvutwa zina upana wa mita 2.55 au 2.59 kamili, na haikutokea kwa bahati. Ulaya kikomo cha kawaida ni 2.55, na Marekani, kwenye mtandao wa barabara kuu, ni inchi 102, ambazo ni 2.59. Wachoraji wa boti wameacha barabara iamue ubavu wa chombo. Yako imepita, kwa hiyo ni mzigo mpana, na kwa kuwa boti haiwezi kukatwa vipande, huwa kuna njia ya kuisafirisha kisheria. Uingereza huruhusu mzigo utokeze hadi milimita 305 kila upande, upana wote usizidi mita 2.9, bila kuwaarifu polisi, ukizidi 2.9 lazima uwape taarifa siku mbili kamili za kazi kabla ya safari, na ukizidi 3.5 lazima uwe na msaidizi. Marekani, ukipita 2.59 unahitaji kibali cha kila jimbo unalopita. Kibali hicho huja na masharti: mabango ya mzigo mpana, bendera kwenye pembe, mara nyingi kusafiri mchana tu, na njia uliyopangiwa usiiache. Mzigo ukizidi kupanuka yanaongezwa magari ya kusindikiza.

Masharti ya njia yanawakera watu, nami nayaheshimu kupita yote, kwa sababu aliyekupangia njia ameangalia madaraja. Pima kimo chako boti ikiwa juu ya tela, kutoka lami hadi kitu cha juu kabisa, si hadi paa: antena, taa ya mlingoti, fremu ya rada. Ulaya kikomo cha kawaida cha kimo ni mita 4, na majimbo mengi ya mashariki ya Marekani ni futi 13 na inchi 6, kama mita 4.1. Andika kimo hicho kwa kalamu nene kwenye karatasi, ubandike mbele ya usukani. Na uwe na macho na nyaya za umeme kwenye barabara za kuingilia ufukweni, kwa sababu zile hazina kibao.

Breki. Ulaya, tela lolote la juu ya kilo 750 lazima liwe na breki zake. Matela mengi ya boti yana breki za kusukumana: gari likipunguza mwendo, tela linausukuma mkono wake wa mbele, mkono unaingia ndani na kukaza breki. Mfumo huo Ulaya unaruhusiwa hadi tela la 3,500, na juu ya hapo linatakiwa tela lenye breki zinazoendeshwa na gari lenyewe, kwa kawaida za upepo. Ndiyo sababu nyingine pikapu yako haiwezi kazi hii huko: hata ungekuwa na C1E mfukoni, haina mabomba ya upepo ya kuunganisha na tela. Kwa vyovyote, ule waya mwembamba wa dharura unaofunga breki tela likichomoka uufunge sehemu imara ya gari. Usiuzungushe kwenye shingo ya tufe, utachomoka pamoja nalo.

Tufe nalo lina ukubwa. Ulaya na nchi nyingi ni milimita 50. Marekani kuna la inchi 2 na la inchi 2 na 5/16, ambalo ni karibu milimita 59. Kishikio cha 59 ukikiweka juu ya tufe la 50 kitakaa, kitafunga, na utaondoka ukiamini kila kitu kiko sawa, mpaka shimo la kwanza barabarani.

Kuhusu kuyumba, sikiliza vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Tela linalotikisa mkia mara nyingi lina uzito mwingi nyuma ya ekseli, na boti za mashine mbili za nje zina kilo mia nne na kitu zinazoning'inia kwenye tezi, nyuma ya boti. Unataka omo, yaani mbele ya boti, lilalie gari kwa kiasi. Kwa matela ya boti Marekani wanataja asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote kwenye tufe; Ulaya magari mengi hayaruhusu mzigo mkubwa hivyo kwenye tufe, kwa hiyo fuata namba ya gari na ya tela, ile iliyo ndogo. Ukihitaji kuusogeza uzito, sogeza kisimamo cha winchi na boti nzima mbele kidogo juu ya tela. Mkia ukianza kucheza, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani uwe umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu wala usijaribu kuukimbia kwa kuongeza mwendo.

Jambo la mwisho la ufundi ni beringi za tela la boti, kwa sababu tela la boti linaogelea na mengine hayaogelei. Umeendesha kilomita 300, habu zimechemka, unarudi nyuma hadi magurudumu yamezama kwenye maji ya baridi. Hewa iliyomo ndani ya habu inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye grisi, beringi zinaanza kuoza usiku huohuo, na utajua miezi mitatu baadaye barabarani. Ukifika, subiri nusu saa kabla ya kushusha. Njiani simama baada ya kilomita chache za mwanzo, kaza mikanda kwa sababu boti huwa imekaa na kulegea, kisha pitisha mkono juu ya kila habu. Ya uvuguvugu ni nzima. Ukikuta moja ambayo huwezi kuacha kiganja juu yake, na pembeni yake pana harufu ya grisi iliyoungua, safari imeishia hapo.

Na matairi ya tela usiyahukumu kwa kashata, ile mikato ya juu ya tairi, maana yanazeeka yakiwa yamesimama. Ubavuni pana namba nne: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Yenye nyufa ndogo karibu na ringi yabadilishe yote kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwombe muuzaji picha ya kibao cha tela na kibao cha boti, kisha mlipeleke tela kwenye mizani likiwa limebeba boti, hata ikibidi uchangie gharama ya gari kubwa la kulivuta mpaka huko. Kibao kikiwa zaidi ya 3,500, au mizani ikaonyesha zaidi ya hapo, una njia mbili za haki. Kama utaishusha boti majini mara moja na kuipandisha mwisho wa msimu, mpe kazi msafirishaji mwenye lori la kitanda cha chini, leseni zake na bima ya mzigo, yeye ndiye atafute kibali cha upana. Ni nafuu kuliko kubadilisha gari. Kama ndoto yako ni kuihamisha kila mwezi, basi hesabu gharama ya gari linalostahili na mtihani wa daraja la juu ndani ya bei ya boti sasa hivi, kabla hujatia saini. Na kama hesabu hiyo inakuumiza, tafuta boti ya futi 22 au 23 isiyozidi mita 2.5 kwa upana, ambayo pamoja na tela, mafuta na kila kitu inakaa kwenye kilo 2,500. Hiyo pikapu yako itaivuta, na nchi nyingi leseni yako au ngazi moja juu yake itatosha. Ukishapata picha ya kibao na risiti ya mizani, niandikie ukitaja na nchi uliyopo, tukae na namba zenyewe.